Bwana Msa, Willy Gamba, Joram Kiango au Dracula: kikundi kisome nani?

Kikundi cha wasomaji hakigombani siku ya kujadili kitabu kama kinavyogombana siku ya kukichagua. Huyu anataka upelelezi, yule anataka cha kutisha, na hakosekani mmoja wa kusema "chochote tu jamani, ila kisizidi kurasa mia mbili." Mwisho mnapiga kura, na kinachoshinda ni kile alichokisifia mwenye sauti kubwa: "Kile kinashika, ukikianza hulali."

Kushika ni sifa nzuri ukisoma peke yako. Mkisoma pamoja kuna swali la pili, na mimi huliweka mbele ya hilo la kwanza: ukurasa wa mwisho ukishafungwa, kimebaki nini cha kubishania? Nimeshakaa kwenye vikao ambako kila mtu alikesha na kitabu, macho mekundu, halafu maongezi yakaisha hata chai ya kwanza haijanywewa. "Kizuri." "Kizuri kweli." "Yule jamaa kiboko." Basi. Na nimekaa kwenye vingine ambako kitabu kilicholalamikiwa na nusu ya watu ndicho kilichofanya mlinzi aje kutukumbusha kwamba anataka kufunga geti.

Kwa hiyo nimeviweka vitabu hivi bega kwa bega kwa kigezo hicho. Vingi ni vya kwetu, vichache vya nje vinavyopatikana kirahisi. Wauaji sitawataja, msiwe na wasiwasi. Hakuna aliyewahi kupendwa kwa kummalizia mwenzake uhondo.

Kwanza tutenganishe mizigo

Wauza vitabu wa mtaani huvipanga pamoja vyote vyenye damu kwenye jalada, na hapo ndipo watu huanza kununua wasichokitaka. Riwaya ya upelelezi inaanza na jambo lililokwisha kutokea: maiti ipo, mali imetoweka, tunamtafuta aliyefanya. Ya kijasusi inatazama mbele: jambo halijatokea, saa inakimbia, je litazuiwa? Ya kutisha inakunyima hata hilo. Hujui kinachokuja ni nini, na pengine hata kikishafika hutakuwa na jina lake.

Tofauti hii kati ya upelelezi na ujasusi watu huipuuza, lakini ndiyo inayoeleza kwa nini *The Day of the Jackal* ya Frederick Forsyth, ya 1971, inafanya kazi. Kitabu kizima ni njama ya kumuua Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, na kila aliyekinunua alijua kwamba de Gaulle alifariki nyumbani kwake 1970 bila kupigwa risasi na mtu. Mwisho unaujua kabla hujafungua, na bado moyo unakwenda mbio, kwa sababu unachosubiri ni namna: pasi ya kusafiria ya bandia inapatikanaje, bunduki inafichwa wapi, polisi wako nyuma kwa siku ngapi.

Majina nayo yanadanganya. Mtazame Ben Mtobwa: *Salamu Kutoka Kuzimu*, *Dimbwi la Damu*, *Malaika wa Shetani*, *Najisikia Kuua Tena*. Mtu asiyemjua atadhani ameshika kitabu cha majini. Akifungua anakutana na Joram Kiango, suti safi, bastola, na msichana mrembo. Kuzimu yenyewe haipo. Kwa upande wa pili, *Misery* ya Stephen King haina mzuka hata mmoja, na ndiyo itakayokufanya uchungulie mlango mara mbili kabla ya kulala.

Bwana Msa: raha ya kusimama katikati

Tuanze na mzee wao. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, 1918, alikuwa mwandishi wa habari na mhariri kabla hajawa baba wa riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. *Mzimu wa Watu wa Kale* ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Humo ndimo alimozaliwa Bwana Msa, mvuta kiko asiye polisi, anayefikiri kwa utaratibu huku rafiki yake Najum akiuliza maswali yale yale ambayo wewe msomaji ungeyauliza. Ukoo wake na Sherlock Holmes hauhitaji darubini kuuona. Baada ya hapo zikafuata *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974), *Mke Mmoja Waume Watatu* (1975) na nyingine.

Angalia tena majina mawili yale: mzimu, na Giningi. Aliyekulia Unguja au Pemba anajua Giningi ni wapi. Ni mji wa wachawi katika masimulizi ya bibi, mahali usipotaka kuamkia. Mwandishi anakukaribisha kwa hofu unayoijua tangu utotoni, halafu anamleta mtu mwenye kiko akuoneshe kwamba palipodhaniwa pana mkono wa mzimu pana mkono wa binadamu mwenye sababu zake. Kwa wakati ule, na kwa mahali pale, huo ulikuwa ujasiri. Kwangu mimi hilo ndilo lenye thamani kuliko fumbo lenyewe.

Fumbo lenyewe nalo lisidharauliwe. Wivu, mirathi, undugu uliofichwa, ndoa zenye historia: ukimsoma Bwana Msa weka karatasi pembeni uchore nani ni nani wa nani, maana utapotea. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, kimejaa misemo, na kijana wa Nairobi au Lubumbashi atahitaji mwenzake wa pwani karibu. Hilo mimi sioni kama kasoro. Mnasoma kikundi ili iweje, kama si kuulizana?

Kama mazungumzo, kitabu cha upelelezi kina tabia moja: moto wake uko katikati. Muuaji akishajulikana, watu hukunja virago. Kwa hiyo msikisome mpaka mwisho kabla ya kukutana. Wekeni alama kwenye sura ambayo ushahidi wote uko mezani na Bwana Msa hajafungua mdomo, mkutane hapo, kila mtu aandike jina la mshukiwa kwenye kikaratasi na sababu yake, kikunjwe, kitiwe kwenye bakuli. Mtashangaa nani ana roho mbaya kati yenu. Halafu malizieni nyumbani. Kikao cha pili kitahusu swali moja tu, na ni zuri: je, mwandishi alituchezea haki? Dalili zilikuwepo, au Bwana Msa alitufichia jambo?

Ukimweka kando ya Agatha Christie, hasa *And Then There Were None* ya 1939, tofauti inaonekana upesi. Christie anawapeleka watu kumi kisiwani, kila mmoja na dhambi yake, wanaanza kufa mmoja mmoja, na hakuna mpelelezi wa kuwaokoa. Bwana Msa anakushika mkono; Christie anakutelekeza kisiwani. Kwa kikundi kipya kisichojuana vizuri, Christie ni rahisi zaidi: sentensi fupi, watu wanaotambulika haraka, na swali la kama waliokufa walistahili linazua maneno mpaka kwa wasiopenda kusema. Kwa kikundi chenye watu wazima wa pwani, Bwana Msa anamshinda, kwa sababu watamcheka, watamkosoa, na watakumbushana misemo waliyoisahau.

Kati yake na wale wawili wanaofuata yupo Faraji Katalambulla na *Simu ya Kifo* (1965), pamoja na Inspekta Wingo wake. Ni kitabu cha mjini, kifupi, kinachokwenda moja kwa moja. Kizuri kwa mtu ambaye hajasoma riwaya tangu amalize shule. Cha kujadili ndani yake si kingi.

Willy Gamba na Joram Kiango: usiwachanganye

Hawa wawili watu huwataja kwa pumzi moja, wanapigana ngumi, wanavaa vizuri na wanapendwa na wanawake, basi imekuwa ni kulwa na doto. Sikubaliani.

Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtumishi wa serikali mwenye bara zima mabegani. *Kufa na Kupona* ilitoka 1974, na shughuli yake inaanza na nyaraka za siri za harakati za ukombozi zilizoibwa. Mpelelezi anatumwa Nairobi kuzifuata. Anayekisoma leo anaweza kudhani mwandishi alitafuta kisingizio cha kumpeleka shujaa wake mjini akanywe na kupigana. Msomaji wa wakati ule alijua vingine. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao makuu Dar es Salaam tangu 1963. Wapigania uhuru walikuwa watu wa kukutana nao mtaani. Na tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, aliuawa mjini humo humo na kifurushi alichokifungua mwenyewe. Bomu lilikuwa limefichwa ndani ya kitabu.

Ndani ya kitabu, jamani. Mwandishi angelitunga hilo, tungesema ametia chumvi.

Ndiyo maana *Kufa na Kupona*, na *Kikosi cha Kisasi* (1979) inayompeleka Gamba Kinshasa, zina kitu ambacho wengi hawakitegemei kwenye kitabu cha ngumi: historia inayobishaniwa. Weka kitabu hicho mbele ya kikundi chenye mtu wa miaka ishirini na mtu wa miaka sabini. Kijana ataanza kucheka namna Gamba asivyoshindwa. Mzee atamwuliza, "Wewe unajua makaburu walikuwa wanatufanyia nini wakati ule?" Hapo kitabu kimemaliza kazi yake, mnaweza kukiweka chini. Nimeona kikao kikihama kutoka kwenye Gamba kwenda kwenye vita vya Kagera kwenda kwenye foleni za sukari, na hakuna aliyetaka kurudi.

Joram Kiango ni mtoto wa mji. Ni mpelelezi wa kujitegemea, haripoti kwa mtu, na polisi wanamhitaji huku wakikerwa naye. Mtobwa, aliyezaliwa 1958 na kufariki 2008, aliandika kwa kasi ya mtu anayekimbizwa, akaanzisha na kampuni yake ya Heko ili vitabu vitoke. Kasi hiyo imo ndani ya sentensi. Sura ni fupi, zinakatika pabaya makusudi, na jiji lina harufu: baa, gesti, teksi, vyumba vya hoteli kubwa. Ukitaka kitabu cha basi la Mwanza, chukua Joram. Utashtukia mmefika Singida.

Kwa majadiliano, hata hivyo, Gamba anamshinda Joram, na nasema hivi nikijua nitapigwa mawe. Joram unamfurahia, unafunga, unamwazima jirani. Kilicho tofauti kwake ni Nuru, mwanamke anayefanya naye kazi. Wanawake wa Musiba mara nyingi ni chambo au zawadi. Mrembo akiingia ukumbini, mwenye uzoefu anajua ama atamlaza Gamba ama atamsaliti, au vyote viwili usiku mmoja. Mtobwa naye hajaepuka mtego huo, lakini Nuru ni mshirika, ana akili yake, anaingia hatarini kwa miguu yake mwenyewe. Wekeni wawili hao mezani, mwanamke wa Musiba na Nuru wa Mtobwa, muone kama kinamama wa kikundi watakaa kimya. Hawatakaa.

Unataka Mtobwa mwenye nyama zaidi ya kujadili? Mwache Joram, chukua *Dar es Salaam Usiku*. Hapo ndipo alipoandika mji badala ya shujaa.

Neno moja kuhusu James Hadley Chase, maana kila mzee wa miaka ya sabini na themanini ana hadithi yake ya kumsoma chini ya dawati. Mwingereza huyu aliandika Marekani nzima ya majambazi akiwa mbali nayo, akitumia ramani na kamusi za misimu. Nakala zake za mtumba bado ziko kila kona. Ni wa kusoma, si wa kujadili. Ukimaliza umemaliza. Na kwa wanaouliza kama kizazi kipya kipo: kipo, mtafuteni Hussein Tuwa, anzieni na *Mkimbizi*.

Za kutisha: rafu nyembamba, mdomo mnene

Hapa pana jambo linalonishangaza siku zote. Watu wa pwani na wa bara, kwa hadithi za kutisha za mdomo, hatuna mshindani. Mwaka 1995 Pemba, kisha Unguja, watu walitoka vyumbani wakalala nje kwa makundi, wakiota moto, kwa kumwogopa Popobawa, pepo wa usiku. Kila familia ina shangazi aliyekutana na mwanamke mzuri mwenye kwato. Lakini nenda duka la vitabu uulize riwaya ya Kiswahili ya kutisha, ya kutisha kweli kweli, yenye lengo hilo na si jingine. Utaoneshwa upelelezi, utaoneshwa mapenzi, utaoneshwa vitabu vya dini vinavyoeleza kuzimu.

Nadhani sababu ni kwamba kwa wasomaji wengi jini si jambo la kubuni. Mwandishi akimweka jini kwenye kitabu, nusu ya wasomaji wanamsoma kama shahidi, "huyu kayajuaje?", na nusu wanasubiri mafundisho. Hofu safi, ya mchezo, inayohitaji mtu ajue kwamba hili ni la uongo na bado atetemeke, haipati nafasi kirahisi. Ndiyo maana mizuka yetu ya kwenye riwaya nzito huja na kazi nyingine. Katika *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed, babu anarudi kutoka kaburini na kumwendea mjukuu wake, K, bwana mkubwa aliyeshiba. Hakuja kumnyonya damu. Kaja kumwuliza amefanya nini na nchi. Mtu akikichagua kitabu hiki ili atishike atachukia. Akikichagua ili kikundi kigombane kuhusu wakubwa wa leo, hatajuta. Lugha yake si nyepesi, jipeni muda.

Kwa hofu yenyewe, basi, itabidi kutoka nje, na hapo napendekeza vitabu vitatu ambavyo havifanani hata kidogo.

*Dracula* ya Bram Stoker, 1897. Kila mtu anadhani anaijua, kwa sababu ya filamu. Hawaijui. Kitabu kizima ni shajara, barua, simu za maandishi na vipande vya magazeti, na Dracula mwenyewe hapewi nafasi ya kusimulia hata ukurasa. Nichukue tukio moja la mwanzoni. Jonathan Harker, karani wa wakili aliyetumwa Transylvania kwa shughuli ya nyumba, anajinyoa asubuhi kwa kioo kidogo alichokuja nacho safarini. Mkono unamgusa begani. Ni mwenyeji wake anamsabahi. Harker anashtuka, anajikata kidevu. Kilichomshtua si mkono. Kioo kinaonesha chumba chote nyuma yake, na ndani ya kioo hamna mtu. Anageuka, mtu yupo, karibu kabisa, na anaitazama damu. Stoker hakuongeza kelele wala radi. Wembe, kioo, salamu ya asubuhi.

Uzuri wake kwa kikundi uko kwenye muundo. Gaweni sauti: mmoja ashike shajara ya Harker, mwingine ya Mina, mchumba wake, mwingine ya Daktari Seward, msome kwa zamu. Sura nne za kwanza ni bora kuliko vitabu vizima vya wengine. Katikati panapwaya, watu wanazungumza sana na kutiana damu kila baada ya kurasa chache, na Kiingereza ni cha enzi za Malkia Victoria. Haki zake za uchapishaji zimekwisha muda mrefu, kwa hiyo kupakua kwenye simu ni bure na halali.

*The Shining* ya Stephen King, 1977, ndiyo ninayoipa kura yangu. Jack Torrance, mwalimu aliyefukuzwa kazi, anachukua kazi ya kulinda hoteli kubwa milimani Colorado majira ya baridi, theluji ikiwa imewafungia humo yeye, mke na mtoto wao Danny. Jack aliwahi kumvunja mtoto mkono akiwa amelewa. Sasa hanywi. Hoteli ina mambo yake. Hapo ndipo penye ugomvi wa kikundi: ni hoteli inayomharibu, au aliingia akiwa tayari ameharibika na hoteli ikampa ruhusa? Kila mnapodhani mmepata jibu, kurasa mbili mbele linaponyoka. Wapo watakaosema nyumba hiyo ilihitaji kuombewa, na wapo watakaosema Jack alihitaji kufikishwa mahakamani mapema. Wote wawili wana ushahidi kitabuni, na hilo ndilo ninalotaka kwenye kitabu cha kundi.

Ukifika chumba 217, soma mchana. Mtoto ameshakatazwa asiingie, anazo funguo, na King anamruhusu azungushe kitasa taratibu, avuke zulia, afike kwenye pazia la bafu. Kurasa kadhaa kwa hatua chache. Mwandishi wa kijasusi angetumia mstari mmoja: "Alifungua pazia." Hapo ndipo utakapoelewa tofauti ya taaluma hizi mbili kuliko maelezo yangu yote ya juu.

Na tafadhali asije mtu na filamu ya Stanley Kubrick ya 1980 akijifanya amesoma. Mle chumba ni 237, mwisho ni mwingine, na Jack anaonekana kichaa tangu dakika ya kwanza. King mwenyewe hakuipenda. Kuzilinganisha ni kikao kizuri cha nyongeza, ilimradi kiwe cha baadaye.

*Misery*, 1987, naiweka kwa sababu ya watu wa dini. Katika vikundi vyetu wapo Waislamu na Wakristo ambao hawataki kitabu cha mapepo nyumbani mwao, na si haki kuwacheka, waheshimiwe. *Misery* haina pepo. Mwandishi wa riwaya za mapenzi anavunjika miguu kwenye ajali ya gari na kuokolewa na muuguzi wa zamani, Annie Wilkes, ambaye ni shabiki wake namba moja. Annie hapendi namna mwandishi alivyommaliza mhusika wake. Anamletea taipureta ya mtumba isiyo na herufi n, amwandikie kitabu kingine. Ni hayo tu, chumba kimoja na watu wawili. Swali la msomaji ana haki gani juu ya hadithi anayoipenda litawafikisha mbali. Lakini kuna shoka mle, na King haangalii pembeni. Asiyeweza damu mwambieni mapema.

Sasa mchague

Kikundi kipya, watu hawajazoeana: *And Then There Were None*, na kikaratasi cha mshukiwa. Kikundi cha wazee na vijana pamoja: Musiba, yoyote kati ya vile viwili, na mzee apewe dakika zake. Kama wengi wenu ni watu wa Kiswahili, walimu, watafsiri, watu wa redio, basi Bwana Msa, na hapo ningeanza na *Kisima cha Giningi*. Kikundi kilichokaa pamoja muda mrefu na kinachoaminiana kisome *The Shining*. Nasema kinachoaminiana kwa sababu kitabu hicho kinagusa pombe na mikono ya baba, na huwezi kujua nani katika duara amekulia nyumba ya namna hiyo. Muulizane kabla. Mtu akisema hapana, asiulizwe kwa nini.

Joram msimpigie kura. Mpeaneni.

Kuhusu kutoa maoni yenyewe: "kinashika" na "hakishiki" si maoni, mwenye nayo aulizwe ukurasa. Ukisema kilikutisha, tuambie palipokutisha. Ukisema ulimjua muuaji mapema, tuambie ulimjulia wapi, na kama huwezi kupaonesha basi ulibahatisha. Kikundi kinachojibizana kwa kurasa hakihitaji mwenyekiti.

Nakala nalo ni tatizo. Musiba na Mtobwa mara nyingi mtawapata kwa wauza vitabu chakavu, nakala moja moja, jalada limechanika. Mkiwa na nakala moja kwa watu kumi, msomeane kwa sauti badala ya kuzungushiana mpaka mwezi uishe. Bwana Msa anafaa sana kusomwa kwa sauti, misemo yake iliandikwa kwa masikio. *Dracula* pia. Gamba anasomeka hadi ngumi zinapoanza, hapo mpeni kijana mwenye pumzi. *The Shining* ni nene mno kwa kazi hiyo, zaidi ya kurasa mia nne, na hofu yake haipendi hadhira. Hiyo kila mtu atafute nakala yake na akaisome kwake.